Kiraka Kwenye Kiti cha Mama Kasubi

Katika watu wote waliozaliwa Maneromango, hakuna aliyewahi kunishinda mimi katika michezo ya vita ya kwenye kilemba. Hakuna! Kaulize popote. Ila ukiuliza, utaambiwa pia kwamba waliozaliwa Maneromango na kucheza michezo hiyo tuko wawili tu, na yule mwenzangu, Bi Havijawa, ana mtoto wa jicho na mishale yake yote huwapata watu wa upande wake.

Na kwa kuwa nimeshaanza kujivua nguo, acha nizimalize. Mchezo hata mmoja sijawahi kuuanza, wala sijui unaanzaje. Mimi huingia katikati, vumbi limeshatimka, watu wameshagombana, na wa kufa ameshakufa.

Kazi yangu inaitwa kiraka. Mtu yuko mchezoni na wenzake, mara uji unafurika jikoni, au mwenye nyumba anagonga mlango, au uchungu wa kuzaa unamshika. Anavua kilemba, kile kitambaa cha mtambo kinachomwingiza mchezoni, anakwenda zake. Kiti chake kinabaki wazi. Na michezo ya siku hizi ni kama chungu juu ya mafiga: ondoa figa moja, ugali wote majivuni. Kila walichojenga kinafutika, hata kama wamekijenga mwaka mzima. Ndipo tunapoitwa sisi. Mtambo unakuvisha joho la yule aliyeondoka, yaani sauti yake, mwendo wake, mpaka namna yake ya kukohoa, ili wenzake wasishtuke. Unakaa pale, unapigana, unaitika kwa jina lisilo lako, mwenyewe akirudi unampisha.

Mwanzo kazi hii walipewa vijana wenye vyeti. Wakatapika. Kijana ukimtupa katikati ya jambo asilolijua, moyo unamwenda mbio, anauliza, "Niko wapi? Mimi nani? Hawa kina nani?" Anavua kilemba, analia, anaomba likizo. Daktari mmoja akaja kugundua kwamba vikongwe hatushtuki. Tushtuke nini? Mimi kila siku naingia chumbani, nasimama katikati, najiuliza nimefuata nini. Nikiitwa kutoka usingizini naitika "abee" kabla sijakumbuka hata mimi ni mama wa nani. Kutojua niko wapi ndiyo hali yangu ya kawaida. Wao wameniongezea mkuki tu.

*

Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wetu pale Kisarawe, natafuna muhogo wa kuchoma. Tusekile, msimamizi wetu, binti wa Tukuyu mwenye haraka kama maziwa yanayochemka, akanijia na kilemba mkononi.

"Bi Mwamvita, kuna kiti kimebaki wazi sasa hivi. Meza huo muhogo."

"Subiri nimeze."

"Bibi, lango linavunjwa!"

Akanivisha. Kilemba kile ni kitambaa tu ukikitazama, kimefumwa nyuzi nyembamba kama za buibui, lakini kikishakugusa kichwa, ukumbi unazimika kama koroboi.

Ghafla nikawa nakimbia.

Nakimbia wapi, sijui. Namkimbia nani, sijui. Muhogo bado ninao mdomoni. Jua kali, vumbi jekundu, kuta za udongo kushoto na kulia, na mkononi mkuki mrefu kuliko mimi. Sikioni akaanza yule Mnong'onezi, sauti kavu ya mtambo inayowaelekeza viraka. Mnong'onezi anakwambia mambo ya mchezo tu. Ya maisha ya mtu hakwambii, ni siri za wenyewe.

"Wewe ni mlinzi wa Boma," akaninong'oneza. "Lango la magharibi limebomoka. Adui ni wekundu. Shambulia."

Nikamwona mwekundu wa kwanza, nikamchoma mkuki wa ubavu.

"Mama!" ikapiga kelele sauti ya kiume. "Mama, ng'ombe kakukosea nini?"

Kweli, alikuwa ng'ombe. Wetu.

"Ana kichaa," nikajibu. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mwanamke mwingine, nzito, yenye mkwaruzo mtamu kama wa jiwe la kusagia. "Nimemwona machoni."

Yule kijana hakusema kitu kwa muda, kama mtu anayetafuna kwanza. Halafu akacheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila neno lake lilikuwa linachelewa vile vile, cheko lake nalo linachelewa, kwa sababu lilikuwa linatoka mbali mno. Wakati ule nilidhani ni mzito wa kuelewa tu, nikamhurumia.

"Huyu ni Kasubi," Mnong'onezi akasema. "Yuko upande wako."

Basi tukapigana. Usiniulize tulipiganaje. Kuna wakati nilikuwa juu ya ukuta, kuna wakati nilikuwa kisimani, na kati ya ukuta na kisima sikumbuki njia. Jambo moja tu lilinikera. Yule mwanamke niliyevaa joho lake alikuwa anakimbia kila mahali. Ghalani mbio, kisimani mbio, hata kumpa mtu maji ni mbio. Nikijaribu kutembea kama binadamu mwenye adabu zake, joho linakataa, miguu inaninyanyua. Nikasema moyoni, huyu mama ama anafukuzwa na nyuki, ama ana jambo.

Adui wakarudi walikotoka. Kasubi akaja akaketi karibu yangu, kwenye kivuli cha ghala. Alikuwa kijana mrefu, mabega mapana. Mchezoni kila mtu ana mabega mapana, lakini yake yalikuwa na uchovu wa kweli.

"Zamu inaanza, mama. Naenda kupakua. Kesho basi?"

"Kesho, baba," nikasema. Kiraka akiwa na shaka husema "baba" au "mwanangu", hakosei.

"Leo umekuwa mchache wa maneno. Unaumwa?"

Hapo nikahisi kitu kama kipande cha muhogo kilichokwama. Kiraka hukaa kitini kwa muda wa kuipua sufuria. Mimi nilikuwa nimeshapigana vita nzima. Mwenyewe yuko wapi?

"Meno tu," nikamwambia.

*

Nilipovua kilemba nilimkuta Tusekile amesimama na mzee mmoja mfupi, kofia mkononi, macho mekundu. Viatu alivyovaa havikufanana. Nilivitazama vile viatu nikajua ni msiba kabla hajafungua mdomo. Mtu hakosei viatu hivihivi.

"Huyu ni mzee Mhoja, kutoka Chanika," Tusekile akasema polepole, na yeye polepole haijui. "Ni kaka yake Mama Kasubi. Mwenye kiti."

"Mwambie dada yako arudi kitini kwake," nikasema. "Amenichosha kwa mbio."

Tusekile akanikanyaga mguu.

"Dada amefariki," mzee akasema. "Mimi nipo jikoni namkorogea uji, yeye yuko chumbani na kilemba chake. Kilemba kilijua kabla yangu. Kilisikia mapigo yamekoma, kikaomba kiraka, ndivyo kilivyofundishwa. Nimeingia na bakuli nimemkuta amelala anatabasamu, tayari wewe umeshakaa mahali pake. Uji haujapoa."

Nikajaribu kupanga mambo kichwani, hayakupangika. Yaani nilipokuwa namchoma ng'ombe, mwenye mkono alikuwa maiti? Na yule kijana aliponiuliza kama naumwa, alikuwa anamuuliza nani?

"Alikuwa na ugonjwa wa sukari siku nyingi," mzee akaendelea. "Kasubi ndiye mwanawe wa pekee. Yuko mwezini."

"Mwezini kwenye mwezi?"

"Huo huo. Anapakua mizigo bandari ya huko."

Unisamehe, msomaji. Mimi ni Mzaramo, mzee yule nilimsikia kwa lafudhi na kwa jina kuwa ni Mnyamwezi, na sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hana breki. Maneno yalinitoka yenyewe.

"Babu zenu walibeba pembe za tembo mpaka pwani. Mkaona haitoshi, sasa mnabeba mpaka mwezini? Hamjui kukataa mzigo ninyi?"

Tusekile akaziba mdomo kwa viganja. Lakini mzee Mhoja akanitazama, akauliza, "Binti nani wewe?"

"Mwamvita binti Pazi."

"Mzaramo!" Akacheka, na katikati ya cheko akaanza kulia, vyote viwili kwa pamoja kama mvua ya jua. "Mungu ameniletea mtani. Mwizi wa nazi wewe, umekuja kunizikia dada?"

"Nitamzika, na sanda nitaiuza."

Alipomaliza kujifuta, akavuta kiti karibu yangu. "Sikiliza basi, mtani. Unajua kazi yako msibani ni nini."

Najua. Wasiojua niwaambie. Kwetu, akifa mtu, mtani wake huja akavaa nguo za marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagomba na wajukuu kama yeye, mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa. Ukimwona mtani amevaa nguo za mtu, huna haja ya kuuliza habari.

"Umeshavaa nguo zake," mzee akasema. "Umeshachukua sauti yake. Ninachokuomba ni uendelee. Kaa kitini mpaka mkataba wa mwanangu uishe huko juu, ashuke salama. Asijue kwa sasa."

"Mzee," Tusekile akaingilia, "mkataba wake unaisha lini?"

"Masika."

"Na mazishi?"

"Ijumaa ya wiki ijayo. Ndugu wa Tabora wakishafika."

"Kuna chombo kinashuka kutoka huko Alhamisi hii, kila mtu anajua, kimetangazwa. Akiambiwa leo anaomba kiti, anawahi kumzika mama yake. Asipoambiwa atakuta kaburi limeota majani. Atakusamehe?"

"Aninunie, ila awe hai!" Mzee akapiga goti lake. "Binti, wewe unajua huko kulivyo? Kijana wa jirani zetu alipewa habari ya msiba akiwa huko huko, kwenye kilemba, peke yake chumbani. Akafungua mlango wa nje akatoka bila vazi la hewa. Ndiyo hivyo, kama anayetoka kuota jua. Hapa duniani mtu hapewi habari hiyo akiwa peke yake. Anaambiwa 'mama anaumwa, njoo.' Akifika kona ya mtaa akaona turubai, anajua mwenyewe, na pale kuna watu wa kumdaka. Huko nani atamdaka?"

"Basi aambiwe mama anaumwa, njoo."

"Nani asiyejua maana ya 'mama anaumwa, njoo'?"

Mimi nilikuwa nao wote wawili kichwani, na kila mmoja akimaliza kusema nilimwona ana haki, mpaka mwenzake aseme. Kijana ana haki ya kumzika mama yake. Mama ana haki ya kuzikwa na mwanawe. Mzee ana haki ya kutozika wawili. Mimi niliishia darasa la saba. Hesabu ya haki tatu na kiti kimoja hatukufundishwa.

"Kwa nini alikuwa hampigii simu mama yake wakazungumza kama watu?" nikauliza, ili nipate muda.

"Simu za huko ni foleni ndefu. Mchezo wanaruhusiwa kila siku, madaktari wao wamesema mtu asipocheza huko anarukwa na akili. Nyumba yao ni hilo Boma, mtani. Wamelijenga wao wawili tangu alipoondoka."

Halafu akanishika mkono, akauliza kitu, na mimi nikaitika "ndiyo" kabla sijaelewa nimeulizwa nini. Nilivyozoea.

*

Kesho yake mchana nikarudi Bomani. Hapakuwa na vita. Kasubi alikuwa anakandika ukuta wa magharibi, matope mpaka viwikoni, na mimi nikawa namletea maji kwa mbio zile zile za kukera.

Bahati yangu Kinyamwezi hawakukitumia. Kijana alikulia Chanika, kwa Waswahili. Bahati yangu nyingine alipenda kusema mwenyewe. Akanieleza habari za huko kwake, kwamba leo yuko zamu peke yake kwenye kibanda cha ghala, wenzake wamekwenda upande wa pili, na kimya cha huko ni kama cha mtu aliyeziba masikio kwa unga.

"Hapa nilipokaa," akasema, "mlango wa nje uko mkono wangu wa kushoto. Nikinyoosha mkono naugusa."

Ndoo ikanitoka mkononi.

"Nini, mama?"

"Utelezi."

Akakandika kidogo. Halafu akasema, "Mama, nina jambo. Kile chombo cha Alhamisi kimebakiza kiti kimoja. Msimamizi amenipa mimi kwanza, kwa kuwa nimekaa muda mrefu kuliko wenzangu. Lakini Barongo mke wake amejifungua, hajamwona mtoto. Nimefikiri nimwachie. Mimi wewe ninakuona kila siku, tena mzima, unachoma ng'ombe. Nimpe?"

Nikainama kuokota ndoo.

"Nataka jibu leo. Nikitoka hapa namwambia."

Nilimtazama, na kilichokuwa kichwani mwangu hakikuwa na kichwa wala miguu. Nikisema mpe, nimemzika mama wa mtu bila mwanawe kwa neno moja. Nikisema usimpe, atauliza kwa nini. Na mkono wake wa kushoto uko pale, mlango uko pale, mimi niko Kisarawe nimekalia mkeka.

Mnong'onezi akaona nimeganda, akaja kunisaidia. "Upepo unatoka kusini," akasema. "Ongeza majani makavu kwenye udongo."

"Majani makavu," nikasema kwa sauti.

"Ehe?"

"Nasema… usimpe haraka. Mtoto mchanga hatambui mtu. Baba yake au mwashi, kwake ni wale wale."

"Lakini mke wake anatambua."

"Mke naye amechoka, mwache alale."

Kasubi akacheka, cheko likafika limechelewa. "Wewe leo hueleweki, mama. Sema wazi. Unataka nishuke?"

"Mimi nataka… ukuta ukauke kwanza."

Akarudi nyuma akautazama ukuta. Ulikuwa umepinda kama mgongo wangu. Ni ule upande niliokandika mimi.

"Ukuta gani huu!" akasema. "Huu kaujenga Mzaramo. Wameupigia ngoma kabla haujakauka, wakala pilau, wakalala. Si ndivyo, mama? Mzaramo akivuna korosho gunia moja, anaita ngoma siku saba!"

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Mama yake, Mnyamwezi mwenzake, angecheka na kuongeza lake. Neno moja tu, "wavivu hao," halafu tuendelee. Na mpaka leo sijui kama ulimi uliteleza, au kuna mtu ndani yangu aliyeufungulia mlango kwa makusudi. Najua tu kwamba damu ilinipanda.

"Koma!" nikasema. "Ngoma zetu tunazicheza kwetu na hatumwombi mtu mchele. Babu zenu walipofika pwani na mapembe mabegani, njaa imewatoa macho, nani aliwapa muhogo? Sisi! Tukawaambia tueni mizigo, pumzikeni. Mkakataa! Ndiyo maana mnahangaika nayo mpaka mwezini!"

Kimya kikaingia. Nikadhani ni kile cha umbali. Kikapita kile cha umbali, kikaja kingine nyuma yake.

"Kwetu," Kasubi akasema. "Kwetu wapi, mama?"

Nikachota tope, nikalibandika ukutani.

"Wewe ni kiraka."

Kanuni yetu ya kwanza: kiraka hasemi kwamba ni kiraka. Lakini nilikuwa nimebanwa, nikatoa uongo mdogo ili nifunike mkubwa, kama mtu anayefunika sufuria kwa kisahani cha kahawa.

"Haya, umenikamata," nikasema kwa kicheko. "Kiraka mimi, mtani wako. Mama yako ametoka mara moja tu, amenishikizia kiti."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Gulioni."

"Kufanya nini?"

"Kununua dagaa. Anasema wa dukani kwenu wana mchanga."

"Na nani?"

"Peke yake. Kwa miguu. Si unamjua mwenyewe, kutembea kwake ni mbio, hakuna anayemwahi. Nimeivaa miguu yake siku ya pili leo, imeniua."

Kasubi akaweka chini donge la udongo alilokuwa nalo. Aliliweka taratibu, kama yai.

"Mama alikatwa miguu yote miwili kabla sijapanda huku," akasema. "Sukari. Ndiyo maana nilimtafutia kilemba. Nilimwambia, mama, kuna mahali utakimbia tena. Siku ya kwanza alizunguka hili Boma mpaka jua likazama, anacheka peke yake."

Nikatazama chini. Miguu ile, mizuri, yenye nguvu, yenye vumbi jekundu mpaka magotini, haikuwa yangu, na haikuwa ya mtu yeyote tena.

"Wewe ni Mzaramo kweli?" akauliza.

"Wa Maneromango."

"Na umevaa nguo za mama yangu."

"Mwanangu…"

"Tangu jana. Yule aliyemchoma ng'ombe ni wewe. Nilisema moyoni, mama leo kachekesha kama watu wa msibani." Sauti yake ilikuwa inashuka, neno baada ya neno, kila moja likichelewa zaidi ya mwenzake. "Mtani havai nguo za mama wa mtu kwa ajili ya dagaa."

"Adui wanakaribia lango la magharibi," akasema Mnong'onezi.

"Mama yako mzima!" nikapiga kelele. "Mzima kabisa! Anakula, anacheka, jana kanitukana! Shuka Alhamisi umwone mwenyewe!"

Lakini nilipokuwa naapa hivyo, joho lilikuwa limeshaninyanyua. Sikuliamuru. Nilikuwa nimeshampa mgongo, nakimbia kuelekea kisimani kwa mbio zake marehemu, vumbi nyuma yangu, sauti yake kinywani mwangu ikisema mzima, mzima, mzima.

"Mtani!" Kasubi akaniita.

Nikazidi kukimbia.

"Mtani, usiniache huku peke yangu! Kiti cha Alhamisi nakikalia mimi, umesikia? Nakikalia mimi. Sasa rudi hapa, ukae na mimi mpaka wenzangu waje. Na uniambie tena kwamba mama ni mzima, lakini safari hii uniambie umesimama."